Rodi na rili zetu zinatupwa zingali na uhai

Kwa Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu hivi karibuni akisema kwamba fedha zinazotumika kuwanunulia vijana wavuvi rodi (fito za kuvulia) na rili (vyombo vya kukunjia mshipi wa kuvulia) ni hasara tupu, kwa sababu zana hizo zilitengenezewa watalii na hazimalizi kaskazi moja mikononi mwa mvuvi wa kawaida. Aliyoyaona ni kweli. Nami nimeyaona katika madiko (vituo vya kushushia samaki) kadhaa ya Kilifi na Kwale: rili zilizokwama kwa kutu zikiwa zimetupwa nyuma ya banda la samaki, na fito zilizokatika ncha zikitumiwa kuanikia nguo. Ninachokikataa ni hitimisho lake, kwamba vijana waachane kabisa na zana hizi na warudi kwenye mshipi wa mkono. Nyingi kati ya rili hizo zingali na uhai, na zingeweza kurudi baharini kesho kwa spea ya bei ndogo na saa moja ya mtu mwenye bisibisi.

Nilikuwa baharia kwa miaka 19 katika boti za kukodishwa na wavuvi wa michezo hapa Watamu, na tangu nilipoacha kwenda baharini ninatengeneza rodi na rili kwenye meza iliyo barazani kwangu. Katika boti ya mwisho niliyofanyia kazi, rili kubwa niliyokabidhiwa siku ya kwanza ndiyo niliyoiacha siku nilipoaga. Ilikuwa imebadilishwa washa za breki (visahani vinavyobanana ili mshipi utoke kwa kuteleza badala ya kukatika), beringi na springi mara nyingi, lakini fremu yake na gia zake kuu zilikuwa zilezile, na ilikuwa imevuta nguru, jodari na sulisuli nisioweza kuwahesabu. Bahari ya boti hizo ni hii hii wanayovua vijana wetu, na chumvi yake ni hii hii. Kilichotofautiana ni kwamba kwenye boti kulikuwa na mtu aliyelipwa kuziosha rili kila jioni, na kila kusi ilipoanza na boti kupandishwa nchi kavu, zilifunguliwa zote, moja baada ya nyingine, mpaka skrubu ya mwisho. Ujuzi huo umekuwako Malindi, Watamu na Shimoni kwa miaka mingi, na wenye nao ni watoto wa pwani hii. Ila haukuwahi kutoka kwenye boti za wageni kwenda kwenye madau na mashua za ndugu zetu.

Nianze na ununuzi, maana huko ndiko uharibifu mwingi unakoanzia. Mnunuzi wetu huingia dukani akiuliza bei, kisha husoma idadi ya beringi iliyoandikwa kwenye kasha kwa herufi kubwa, akidhani kwamba rili yenye beringi 12 ni bora kuliko yenye 4. Idadi hiyo haimwambii lolote kuhusu ubora wa chuma chake. Beringi nne za chuma kisichoshika kutu upesi, ndani ya fremu ngumu ya aluminiamu, zitadumu kuliko beringi 12 dhaifu zilizopachikwa katika mwili wa plastiki. Mwili wa plastiki hupinda samaki mzito anapovuta, na unapopinda gia mbili zinazopaswa kukutana sawasawa huachana kidogo, meno yakaanza kulana. Mvuvi husikia mkwaruzo mkononi, huongeza nguvu ya kuzungusha, na kufikia jioni gia imekwisha.

Nilimwona kijana mmoja wa kikundi cha diko la jirani akilia kwa sababu hiyo. Kikundi chake kilikuwa kimeletewa seti za rodi ndefu nyembamba zenye rili ndogo za bobini (kigurudumu kinachokunjiwa mshipi) wazi, zile zinazofaa kurusha chambo chepesi kwenye maji yaliyotulia, naye akaenda nazo nje ya mwamba kuvua tewa kwa chubwi (uzito wa kuzamishia mshipi) ya karibu nusu kilo. Rodi ya kwanza ilikatika siku ya pili. Hakuna aliyekuwa amemwuliza anavua samaki gani, wapi, na kwa kina gani, na hayo ndiyo maswali matatu ambayo muuzaji au mfadhili mwaminifu angeanza nayo kabla ya kutaja bei. Anayevua chini kwa chubwi kutoka kwenye mashua anahitaji rodi fupi nene, ya mita moja na nusu hadi mbili hivi, na kwa mikono migeni ningempa ya faiba kabla ya ile ya kaboni. Kaboni ni nyepesi na inahisi mguso mdogo wa samaki, lakini haivumilii kugongwa. Chubwi ikiyumba na kuipiga ubavuni, huacha kidonda kisichoonekana, na rodi hiyo itakatika wiki nyingine kabisa, kwa samaki mdogo, mwenyewe akiapa kwamba ilikuwa nzima. Anayekokota chambo nyuma ya injini kutafuta nguru na jodari anahitaji rili ya pipa iliyo juu ya rodi, yenye fremu ya chuma na breki pana. Anayerusha kutoka kwenye majabali kutafuta kolekole ndiye wa rodi ndefu na rili ya bobini wazi, tena ile ya ukubwa wa kutosha.

Swali la nne ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo lisiloulizwa kabisa: je, rili hii hufunguka, na spea zake zinapatikana? Zipo rili za pipa, kama Penn Senator ambayo muundo wake ulianza kuuzwa katika miaka ya 1930, ambazo zimebadilika kidogo sana kwa miongo mingi, na fundi aliyefungua moja anaweza kufungua nyingine zote. Zina vipande vichache, na kila kipande kina namba yake. Kwa mvuvi wa kipato kidogo, rili ya aina hiyo iliyokwisha kutumika, ikiwa fremu yake haijapinda, ni mali bora kuliko mpya inayong'aa isiyo na hata washa moja ya akiba katika nchi nzima. Na atahadhari na majina makubwa yaliyoigwa. Kampuni inayojulikana haikosei herufi za jina lake kwenye kasha.

Baada ya kununua, adui ni chumvi, na hapa wengi huharibu wakiwa na nia njema. Wapo wanaoitumbukiza rili nzima ndani ya ndoo ya maji, na wapo wanaoielekezea bomba lenye kasi kana kwamba wanaosha gari. Maji yenye nguvu huisukuma chumvi ndani ya beringi, mahali ambapo isingefika yenyewe, na maji ya ndoo huingia taratibu yakakaa humo usiku kucha. Njia iliyo salama ni kukaza breki kidogo ili maji yasipenye hadi kwenye washa, kunyunyiza maji baridi (yasiyo na chumvi) kwa wepesi kama mvua ya manyunyu, kufuta kwa kitambaa, kisha kuilegeza breki kabisa kabla ya kulala. Kulegeza huko si jambo dogo. Washa zilizobanwa usiku hadi usiku hulala zikashikana, na samaki wa kwanza wa asubuhi anapokimbia, breki hushtuka badala ya kuteleza, na mshipi hukatika.

Kuna shida ya maji yenyewe, ambayo vitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya makasha haviijui. Visima vingi vilivyo karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi, na mvuvi anayeisuuza rili yake kwa maji hayo anabadilisha chumvi nyingi kwa chumvi kidogo tu. Huwaambia wanaonijia wakinge maji ya mvua kutoka kwenye bati na kuyahifadhi kwa kazi hii, hata kama ni jagi moja. Kitambaa kilicholowa maji matamu na kukamuliwa vizuri, kikipitishwa kwenye rili, kwenye pete zote za rodi na kwenye kiti kinachoishika rili, hufanya kazi kuliko pipa zima la maji ya kisima. Rili itolewe kwenye kiti chake mara kwa mara, kwa sababu chumvi hujikusanya humo na kuifunga skrubu ya kiti mpaka isifunguke tena.

Kuhusu mafuta, nawasihi vijana waache petroli. Najua inapatikana kwa urahisi kwenye kila boti yenye injini, na najua inang'arisha gia upesi, lakini hula plastiki na mipira inayozuia maji, na kazi yenyewe hufanywa jioni, karibu na moto wa kupikia. Vipande vya chuma vitupu huoshwa kwa mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, kisha hukaushwa. Gia hupakwa grisi ya injini za boti, ile isiyochukuliwa na maji. Beringi hudondoshewa tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, basi. Mafuta ya nazi na ya kupikia, ambayo wazee wetu waliyatumia kwa mambo mengi mema, hunata baada ya muda na kugeuka gundi ndani ya rili.

Tena kuna beringi moja isiyotaka grisi hata kidogo. Rili nyingi za kisasa zina beringi ya njia moja, yenye vigololi virefu, inayouzuia mkono wa rili usizunguke kinyumenyume. Mwaka jana mvuvi mmoja aliniletea rili akiwa amekata tamaa, kwa kuwa mkono wake ulikuwa ukirudi nyuma kila samaki alipovuta, na fundi wa pikipiki alikuwa amemwambia kwamba gia zimekwisha. Gia zilikuwa nzima. Yeye mwenyewe, kwa kuipenda rili yake, alikuwa ameijaza beringi ile grisi nzito, nayo ikawa inateleza. Niliifuta, nikaiachia unyevu mwembamba tu wa mafuta, na rili ikashika kabla chai haijapoa. Alikuwa ameshapanga kuitupa.

Naomba nafasi zaidi kidogo kuhusu breki, kwa sababu ndiyo moyo wa rili na ndiyo isiyoeleweka. Vijana wengi huikaza kwa kukisia, wakivuta mshipi kwa mkono na kusema inatosha. Kipimo kinachofuatwa kwenye boti ni kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa ratili 50, ambao ni takribani kilo 23, breki yake iachie kwenye kilo 6 hadi 7 na nusu. Wala hakuna haja ya kununua chombo kipya cha kupimia, kwa kuwa kila diko lina mizani ya kuning'iniza ya mnunuzi wa samaki. Fungeni mshipi kwenye ndoano ya mizani, mmoja aishike rodi kama anayepigana na samaki, na mwingine avute mizani na kusoma. Ni kazi ya dakika mbili asubuhi.

Na ijulikane kwamba kipimo hicho hubadilika samaki anapokimbia. Mshipi unapopungua kwenye bobini, mzingo wake huwa mdogo, na nguvu inayohitajika kuuvuta huongezeka bila mtu kugusa kitu. Mzingo ukibaki nusu ya ulivyokuwa, breki inauma maradufu. Mvuvi asiyelijua hilo huona mshipi unakwisha, huingiwa na hofu na kukaza zaidi, wakati ambapo alipaswa kuiacha au hata kuilegeza. Nimeona jodari wakubwa wakipotea kwa namna hiyo, na mara zote lawama ilimwendea aliyeuza mshipi. Mshipi wa kusuka nao una tatizo lake: ukifungwa moja kwa moja kwenye bobini laini, wote huzunguka kama bangili mkononi, na mtu hukaza breki mpaka mwisho bila kupata kitu. Tanguliza mizunguko michache ya nailoni chini yake, tatizo limekwisha. Nailoni yenyewe huchoshwa na jua, kwa hiyo isihifadhiwe juani, na ikichakaa upande wa juu inaweza kugeuzwa, mwisho ukawa mwanzo, ikatumika msimu mwingine.

Mshipi unaokatika bila sababu una sababu, na mara nyingi iko kwenye pete za rodi. Ndani ya pete nyingi kuna duara gumu la kauri linalopitisha mshipi. Rodi ikiangushwa, duara hilo huweza kupata ufa mwembamba kuliko unywele, na kuanzia hapo linakata mshipi kama wembe kila samaki anapovuta. Macho hayauoni ufa huo, ila pamba inauona: pitisha kipande cha pamba ndani ya pete ukikizungusha, na nyuzi zake zikinaswa, pete hiyo ibadilishwe kabla rodi haijarudi baharini. Kwenye rodi nzito za kukokotea, pete nyingine zina vikapi vidogo vinavyozunguka, navyo vikikwama kwa chumvi huusaga mshipi mahali pamoja. Vizungusheni kwa kidole kila jioni.

Kubadilisha pete si kazi ya kiwandani. Uzi wa zamani hukatwa kwa uangalifu upande wa juu ya mguu wa pete ili kisu kisiguse rodi, pete mpya hunyooshwa na zenzake, hufungwa kwa uzi unaovutwa kwa mkazo ulio sawa, kisha hupakwa gundi ya epoksi tabaka mbili nyembamba. Rodi huzungushwa polepole wakati gundi inashika, la sivyo gundi yote hushuka upande mmoja na kuganda kama tone. Mwanafunzi wangu bora katika kazi hii ni mama mmoja fundi cherehani, ambaye hajawahi kupanda mashua maishani mwake, na mafungo yake ni mazuri kuliko yangu. Nalitaja hili kwa sababu kazi ya kutengeneza zana inaweza kuwalisha watu wengi wa pwani ambao hawaendi baharini, na hatujaifikiria hivyo.

Ncha iliyokatika kwa urefu wa kiganja hurekebishwa kwa pete mpya ya mwisho na gundi ya kuyeyushwa kwa moto mdogo, ambayo huweza kutolewa tena siku za usoni. Rodi itakuwa ngumu kidogo kuliko awali, lakini itavua. Iliyokatika katikati huweza kuungwa kwa kipande cha rodi nyingine kilichopenyezwa ndani, na kwa kuvua samaki aina ya changu inatosha. Kaboni iliyokatika karibu na mshikio siigusi kwa mtu anayevua samaki wakubwa. Humwambia mwenyewe ukweli, nikatoa pete zake na kuziweka akiba kwa rodi nyingine. Nyingi za aina hiyo hukatika kwa sababu moja, kwamba mvuvi alimleta samaki ubavuni mwa mashua kisha akainua rodi wima kabisa ili amnyanyue. Rodi ikisimama wima, mzigo wote huhamia kwenye ncha, ambako ni kwembamba. Samaki hunyanyuliwa kwa upembo au kwa wavu.

Sasa nirudi kwa msomaji mwenzangu na kwa wale wanaopanga fedha za vikundi vya usimamizi wa fukwe. Anayenunua rodi 20 kwa ajili ya diko moja na asinunue washa za breki, beringi, springi, pete na ncha za akiba, amenunua mzigo wa msimu mmoja. Ni afadhali anunue 15, na fedha za zile 5 zilizobaki zinunue spea, bisibisi zinazolingana na skrubu zake, na mafunzo ya watu wawili katika kila diko. Zabuni zitaje aina moja ya rili kwa diko zima, ili kipande cha iliyokufa kiifufue nyingine. Vyuo vya ufundi vya pwani ambavyo tayari vinafundisha matengenezo ya injini za boti vinaweza kuongeza kazi hii bila karakana mpya, kwa kuwa meza ni ileile, na walimu wapo: ni mabaharia wa boti za uvuvi wa michezo, ambao wengi wao hukaa bila kazi miezi ya kusi.

Miezi hiyo ndiyo inayofaa. Bahari ikiwa chafu na mashua zimefungwa, rili zote za diko zinaweza kukusanywa, kufunguliwa, kuandikwa zinachohitaji, na spea kuagizwa zifike kabla kaskazi haijaanza kuvuma. Diko lolote la kati ya Malindi na Mtwapa likitaka kuanza kusi hii, meza yangu ipo, na sitalitoza kwa rili kumi za kwanza. Walete hata zile zilizotupwa nyuma ya banda.

Fundi wa rodi na rili,
Watamu, Kaunti ya Kilifi